Mji Mmoja, Chambuzi Mbili: Namna ya Kupima Habari za Nje Zinazopingana

Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Siku zilizofuata, msomaji wa Kiswahili alipokea maelezo mawili yasiyopatana. Moja lilisema Rwanda imeivamia Kongo kwa mgongo wa M23 ili ichukue madini. La pili lilisema hii ni vita ya Wakongo wenyewe: Watutsi wa Kongo wanajilinda dhidi ya serikali iliyowabagua na dhidi ya FDLR, kundi ambalo mizizi yake iko kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nchini Rwanda. Kila upande ulikuja na wasomi wake, ramani zake na tarehe zake.

Katika hali kama hiyo, wengi wetu hufanya moja kati ya mawili. Ama tunashika maelezo yanayofanana na tulichoamini tangu zamani, ama tunasema wote waongo na kuachana na habari za nje. Njia zote mbili zinatuacha mikononi mwa anayepaza sauti zaidi.

Iko njia nyingine, na haidai shahada ya uhusiano wa kimataifa. Uchambuzi wowote, hata ukiwa wa kurasa ishirini, umesimama juu ya madai machache. Ukiyatambua madai hayo, mengi unaweza kuyapima mwenyewe. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza, "Nimwamini nani?" Anza kwa kuuliza, "Anadai nini hasa, na ameegemea wapi?"

Nitatumia vita vya mashariki mwa Kongo kama mfano mkuu, kwa kuwa vinatuhusu. Kongo na Rwanda zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tanzania ilipeleka askari huko mwaka 2013 chini ya Umoja wa Mataifa, na tena kupitia kikosi cha SADC kilichoanza kazi Desemba 2023. Na watu wa Goma wanasema Kiswahili, hivyo unaweza kuwasikia bila mkalimani.

1. Tenganisha tukio, sababu, hukumu na utabiri

Soma uchambuzi ukiwa na kalamu, kisha zigawe sentensi zake katika mafungu manne. "M23 waliingia Bukavu katikati ya Februari 2025" ni tukio. "Waliingia ili wadhibiti njia za madini" ni sababu. "Huo ni uvamizi" ni hukumu. "Hawatasimama hadi Kinshasa" ni utabiri.

Utagundua kwamba wachambuzi wanaoshambuliana mara nyingi wanakubaliana juu ya tukio. Wanachogombania ni sababu na hukumu. Hapo ndipo msomaji hupotezwa: anaonyeshwa ushahidi mzito wa tukio, halafu anatoka akidhani ameonyeshwa ushahidi wa sababu. Video ya askari wakiingia mjini inathibitisha kwamba wameingia. Haisemi neno juu ya nia iliyowaleta.

Kila fungu lina kipimo chake. Tukio hupimwa kwa mashahidi, picha na kumbukumbu. Sababu hupimwa kwa kuilinganisha na sababu nyingine zinazowezekana. Hukumu hupimwa kwa sheria na maadili, na utabiri hupimwa kwa muda. Mtu akizichanganya zote katika sentensi moja, zitenganishe kabla hujakubali au kukataa.

2. Rudi kwenye waraka wenyewe

Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kauli moja azimio namba 2773. Mchambuzi mmoja atakueleza kwamba baraza liliitaka Rwanda iache kuisaidia M23 na iondoe askari wake Kongo. Ni kweli. Mwingine atakueleza kwamba baraza lililaani msaada wa jeshi la Kongo kwa FDLR na kutaka ukome. Hilo nalo ni kweli. Yote mawili yamo katika azimio lile lile, na anayekunukulia nusu amekunyima nusu.

Kwa hiyo ukiona "ripoti imesema" au "azimio limesema", tafuta ripoti au azimio lenyewe. Nyaraka za Umoja wa Mataifa ziko wazi mtandaoni, na idhaa yake ya Kiswahili hutoa habari za maamuzi makubwa. Huna haja ya kusoma kurasa mia. Tafuta aya inayonukuliwa, kisha usome iliyotangulia na inayofuata.

Soma pia maneno ya viongozi jinsi yalivyotamkwa. Ripoti ya Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Julai 2024 ilikadiria kwamba kati ya askari 3,000 na 4,000 wa Rwanda walikuwa pamoja na M23 ndani ya Kongo. Serikali ya Rwanda imekuwa ikikanusha kuisaidia M23 na kusema inachukua hatua za kujilinda. Lakini mwanzoni mwa Februari 2025 Rais Paul Kagame aliulizwa na CNN kama askari wake wako Kongo, naye akajibu kwamba hajui. Jibu hilo si kukiri, wala si kukanusha. Mwandishi anayeandika "amekiri" na yule anayeandika "amekanusha" wote wameongeza chao.

Jihadhari pia na wingi wa sauti. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliliambia Baraza la Usalama kwamba Iraq inaficha silaha za maangamizi. Vyombo vingi vikubwa vilirudia. Tarehe 7 Machi, mbele ya baraza hilo hilo, Mohamed ElBaradei wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki alieleza kwamba hati zilizotumiwa kudai kuwa Iraq ilitafuta urani kutoka Niger hazikuwa halisi. Chini ya wiki mbili baadaye vita vilianza. Akiba ya silaha zilizodaiwa haikupatikana, na Mei 2004 gazeti la New York Times liliwaandikia wasomaji wake kukubali kwamba baadhi ya habari zake kuhusu Iraq hazikuchunguzwa kwa ukali uliostahili.

Aliyehesabu idadi ya magazeti mwaka 2003 aliona ushahidi mwingi. Aliyefuatilia chimbuko aliona maafisa wachache na watoro wachache wa Iraq wakinukuliwa na wote. Magazeti kumi yakimnukuu afisa mmoja, una chanzo kimoja.

3. Ukiona idadi, uliza nani alihesabu, wapi na lini

Baada ya mapigano ya Goma, idadi za waliokufa zilitofautiana mno. Mwanzoni mwa Februari 2025 yalitajwa mauti 900, kisha 2,900, na kabla mwezi haujaisha 7,000. Watu walishutumiana kwa uongo na propaganda. Tazama kilichohesabiwa. Zile 900 zilikuwa maiti zilizokuwa katika hospitali na vyumba vya kuhifadhia maiti vya Goma. Umoja wa Mataifa ukaongeza karibu 2,000 waliokwisha kuzikwa, ikawa 2,900. Waziri Mkuu wa Kongo, Judith Suminwa Tuluka, alipotaja zaidi ya 7,000 huko Geneva, alizungumzia mashariki yote ya nchi tangu Januari, na ndani yake zaidi ya 3,000 wa Goma.

Kwa hiyo kauli ya waziri mkuu kuhusu Goma ilikaribiana na ile ya Umoja wa Mataifa. Bado unaweza kuhoji: serikali iliyo vitani ina sababu ya kutaja hasara kubwa, na M23 ilipinga hesabu hizo. Lakini sasa unahoji jambo sahihi.

Asilimia nazo zinataka uangalifu kama huo. Mpango wa kusafirisha nafaka za Ukraine kupitia Bahari Nyeusi ulitiwa saini Istanbul Julai 2022, na Urusi ikajitoa Julai 2023. Kwa mwaka huo zilisafirishwa takriban tani milioni 33. Urusi ililalamika kwamba nchi maskini kabisa zilipata sehemu ndogo sana, na rekodi za meli ziliunga mkono: China ndiyo iliyopokea nyingi kuliko nchi yoyote. Umoja wa Mataifa ulisema mpango huo ulisaidia kushusha bei ya chakula duniani, na bei za kimataifa kweli zilikuwa zimeshuka kutoka kilele cha Machi 2022. Upande mmoja ulijibu swali "Magunia yalishushwa bandari gani?" na wa pili "Bei ilielekea wapi?" Kwa mlaji wa Nairobi au Tanga, ambaye ngano ya nchi yake huagizwa kwa wingi kutoka nje, swali la pili linagusa mfuko hata kama hakuna meli iliyokuja kwake. Takwimu mbili zinaweza kuwa sahihi zote huku kila moja ikijibu swali lake.

4. Angalia masimulizi yameanzia mwaka gani

Hiki ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko vyote, kwa sababu mwaka wa kuanzia huamua nani ataonekana mchokozi.

Anayeanza na 1994 ataeleza jinsi waliofanya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi walivyovuka mpaka na kuingia Zaire (Kongo ya sasa), na jinsi mabaki yao yalivyozaa FDLR. Katika masimulizi hayo Rwanda ni nchi inayojikinga. Anayeanza na 1996 ataeleza jinsi Rwanda na Uganda zilivyounga mkono majeshi ya Laurent Kabila yaliyomwangusha Mobutu mwaka 1997, kisha vita vya pili vilivyoanza 1998. Hapo Rwanda ni jirani asiyeacha kuingilia. Anayeanza na 1981 atataja sheria ya Zaire iliyowaondolea wengi wa wasemaji wa Kinyarwanda uraia waliokuwa wamepewa kwa sheria ya 1972, na swali litakuwa nani anahesabiwa kuwa Mkongo. Anayeanza na mkataba wa 23 Machi 2009 kati ya serikali na waasi, ambao ndio uliowapa M23 jina, atazungumzia ahadi zilizovunjwa. Na anayeanza mwishoni mwa 2021, M23 walipoibuka tena miaka minane baada ya kushindwa, atasimulia uasi mpya.

Tarehe hizi zote ni za kweli. Mwandishi hahitaji kusema uongo hata mmoja ili akuelekeze anakotaka, inatosha achague pa kuanzia. Ukimaliza kusoma, zungushia tarehe ya mapema kuliko zote katika makala, kisha ujiulize: nini kilitokea miaka mitano au kumi kabla yake? Tafuta jibu hilo kwa mwandishi wa upande mwingine. Ni kazi ya nusu saa, na inafunua mengi kuliko kusoma makala tano zinazokubaliana.

5. Jua anayegharamia, lakini usiishie hapo

Mwamba ngoma huvutia kwake. BBC Swahili iko chini ya BBC ya Uingereza, DW Kiswahili inalipiwa na serikali ya Ujerumani, RFI Kiswahili na dola ya Ufaransa, na vyombo kama CGTN na Xinhua ni vya dola ya China. Al Jazeera inagharimiwa na Qatar, nchi ambayo mwaka 2025 ilikuwa msuluhishi kati ya Kinshasa na M23. Sauti ya Amerika ilikuwa ya serikali ya Marekani, na Machi 2025 amri ya serikali hiyo ilitosha kuwarudisha nyumbani karibu wafanyakazi wake wote.

Vyombo vya nyumbani navyo havielei hewani. Bandari ya Dar es Salaam inapitisha mizigo mingi ya Kongo. Nairobi ndiko Corneille Nangaa, aliyewahi kuongoza tume ya uchaguzi ya Kongo, alikotangazia muungano wake na M23 Desemba 2023, na Kinshasa ikaghadhibika. Nchi zetu zina maslahi, na waandishi wetu wanaishi ndani ya nchi hizo.

Hata hivyo, kujua mlipaji hakutoshi kukataa habari. Chombo cha serikali kinaweza kuripoti kweli tupu, na mtu huru asiyelipwa na yeyote anaweza kukosea vibaya. Tumia ujuzi huo kwa namna mbili. Kwanza, tazama mada ambazo chombo hakizigusi kabisa. Pili, upe uzito zaidi ushahidi unaomgharimu anayeutoa. Uingereza ilikuwa rafiki wa karibu wa Rwanda. Iliposimamisha sehemu ya misaada yake kwa Rwanda Februari 2025 kwa sababu ya vita hivi, hatua hiyo ilikuwa na uzito kuliko lawama ya adui. Vivyo hivyo, Kongo ilipokubali katika mkataba wake na Rwanda, uliotiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025, mpango wa kuiondolea FDLR nguvu, ilikuwa vigumu tena kudai kwamba FDLR ni kisingizio kitupu.

6. Mpe kila mchambuzi swali linalomsumbua

Kila nadharia ina jambo moja au mawili ambayo hayaingii vizuri ndani yake. Yatafute.

Anayesema vita hivi ni vya madini tu, muulize kuhusu kalenda. M23 waliibuka upya mwishoni mwa 2021. Rubaya, eneo lenye machimbo makubwa ya koltani, waliliteka Aprili 2024. Kama koltani ya Rubaya ndiyo iliyoanzisha vita, miaka hiyo miwili na zaidi inaelezwaje? Huenda madini yanaeleza vita vinavyolishwa vizuri zaidi kuliko yanavyoeleza vita vilivyoanzishwa.

Anayesema ni suala la usalama na ulinzi wa Watutsi tu, muulize kuhusu fedha na madaraka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba M23 walikuwa wakikusanya takriban dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani ya Rubaya. Waliteua watawala katika miji waliyoiteka. Na Nangaa alisema baada ya Goma kuanguka kwamba safari inaelekea Kinshasa. Kuwalinda wanavijiji wa Masisi, Kivu Kaskazini, kunahitajije kuitawala Bukavu, Kivu Kusini?

Sasa angalia nani kati ya wachambuzi wako ameligusa swali linalomsumbua bila kulazimishwa. Anayeandika "nadharia yangu inapata shida hapa" anastahili muda wako, hata kama hukubaliani naye. Anayeeleza kila kitu kwa sababu moja, bila doa wala pengo, msome kwa tahadhari.

7. Picha: ukaguzi mfupi

Mei 2012 BBC ilichapisha kwenye tovuti yake picha ya maiti ikiihusisha na mauaji ya Houla, Syria. Picha ile ilikuwa imepigwa Iraq mwaka 2003. Kama chombo chenye wahariri wengi kilinaswa, simu yako nayo inaweza kunaswa. Vipande vya mchezo wa kompyuta wa Arma 3 navyo vimesambazwa kama vita halisi vya Ukraine. Kabla hujaiamini picha, itafute mtandaoni kwa picha yenyewe uone kama iliwahi kutokea zamani, tazama mabango na namba za magari, na usikilize lugha inayosemwa nyuma. Kwa video za Goma, msikilizaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko mhariri wa Ulaya: lafudhi ya Kivu unaweza kuitambua.

8. Weka kumbukumbu ya utabiri

Wachambuzi husahau walichotabiri, na wasomaji huwasaidia kusahau. Mwanzoni mwa 2022 wapo waliosema Urusi haitaivamia Ukraine kamwe. Ilivamia tarehe 24 Februari. Wapo waliosema Kyiv itaanguka ndani ya siku chache. Mwanzoni mwa Aprili askari wa Urusi walikuwa wameondoka kuzunguka mji huo. Makosa hayo yalitoka katika kambi zinazopingana.

Tenga kurasa chache za daftari. Andika jina, tarehe na utabiri kwa maneno yake, kisha urudi baada ya miezi sita. Mkataba wa Washington ulipotiwa saini Juni 2025, kulikuwa na walioandika kwamba amani imefika na walioandika kwamba saini bila M23 mezani haizimi bunduki. Marais wa Kongo na Rwanda walitia saini zao Washington tarehe 4 Desemba 2025, na ndani ya mwezi huo huo M23 waliingia mji wa Uvira. Daftari lako lingekuonyesha nani alitofautisha saini na utekelezaji. Usimfukuze mtu kwa kosa moja. Tazama kama alirudi kulieleza.

9. Toa uamuzi wenye viwango

Baada ya hatua hizi, usijilazimishe kusema "upande huu una haki yote". Gawa uamuzi wako: nina hakika, inaelekea, bado sijui. Kwa mfano wetu, mimi naweka hivi. Kwamba Rwanda imeisaidia M23, nina hakika, kwa uzito wa ripoti na azimio lililopita bila kura ya kupinga. Kwamba jeshi la Kongo limeshirikiana na FDLR, nina hakika vile vile, kwa vyanzo hivyo hivyo. Kwamba madini yanarefusha vita, inaelekea sana. Kwamba kuna sababu moja inayoeleza yote, ushahidi wake ni dhaifu. Wewe unaweza kupanga tofauti. La muhimu ni kwamba tukikaa pamoja tutajua tunatofautiana kwenye dai gani, na ushahidi gani ungembadilisha kila mmoja.

Fanya mazoezi kwa jambo moja tu la nje kwa mwezi mzima. Chagua wachambuzi wawili wanaopingana, wapitishe katika hatua hizi, na kabla hujasambaza chochote kwenye kundi la WhatsApp la familia au la kazini, jiulize kama sentensi unayoituma ni tukio, sababu, hukumu au utabiri. Ikiwa ni sababu iliyovaa nguo za tukio, isimamishe kwako.

Uangalifu huu una uzito kwa watu walio hai. Mashariki mwa Kongo, watu wameuawa na umati kwa kudhaniwa tu kuwa Watutsi, na familia zimekimbia kwa sababu ya maneno yaliyotangulia risasi. Katika miji yetu Mkongo na Mnyarwanda wanauza sokoni bega kwa bega na kusali pamoja. Serikali zao zinastahili kuhojiwa kwa ukali wote tunaouweza, kwa ushahidi uliopimwa. Wao kama majirani wanastahili kwamba tusiwahukumu kwa uchambuzi ambao hatujausoma hadi mwisho.